Safu Tatu za Nyuma

Ofisi ya Michoro ya Gichuki,
Kitale.
8 Agosti 2005

Mzee Alwi,
Mwenyekiti, Msikiti wa Ghalani, Bungoma.

Salamu na heshima.

Mimi ni Nabwile Wepukhulu, mchoraji katika ofisi ya Bwana Gichuki hapa Kitale. Kazi uliyoileta kwa mkono wa Bwana Abdinasir nimeimaliza. Alinipa vipimo vya ukumbi wenu, upana mita kumi na mbili na urefu mita kumi na nane, pamoja na upana wa zulia mnalotaka kununua, mita moja na sentimita ishirini. Akaniambia mnataka kujua zulia hilo liwe na urefu gani ili kila safu ya waumini ipate lake.

Nimechora ukumbi wote kwenye kompyuta na kila safu nikaiwekea mstari wake. Ukigusa mwanzo wa mstari na mwisho wake, kompyuta inakutajia urefu, haina kubahatisha. Safu zimetoka kumi na tano, za mita kumi na mbili kila moja. Jumla ni mita mia moja na themanini. Nimejaza kutoka ukuta wa mbele hadi ukuta wa nyuma na hakuna sakafu iliyopotea.

Mashine yetu huchapa karatasi ndogo tu, kwa hivyo mchoro uko katika karatasi nne nilizozibandika kwa gundi. Ukiridhika nao, niarifu ili Bwana Gichuki afunge faili.

Wako mtiifu,
Nabwile Wepukhulu


Duka la Vitambaa la Khadijo,
Bungoma.
12 Agosti 2005

Dada Nabwile,

Salamu nyingi. Mimi ni Khadijo, mkaza mwana wa Mzee Alwi. Sanduku la posta la msikiti ni la duka langu, na barua za Mzee hupitia kwangu kwa sababu macho yake siku hizi ni ya kusomewa. Kwa hivyo usishangae kujibiwa na mwanamke.

Mchoro wako ni msafi, hata nimeona haya kuukunja. Lakini dada, umetugeuza! Tukifuata mistari yako tutakuwa tunasali kuelekea Kitale, labda mpaka mlangoni kwa huyo Bwana Gichuki wako. Msikiti wetu ulikuwa ghala la mahindi kabla wazee hawajalinunua, na aliyelijenga alifuata barabara, hakufuata kibla. Sisi tukiingia tunasimama mshazari. Sakafuni kuna mistari ya rangi nyeupe inayokata ukumbi kutoka pembe moja kwenda nyingine, na mikeka hufuata hiyo.

Jambo la pili. Nyuma kuna pazia, na nyuma ya pazia tunasali sisi wanawake. Wewe umepitisha safu juu yetu mpaka ukutani. Najua hukuambiwa. Kuna wengine kwenye kamati wanaosema zulia likifika, pazia lishushwe, wanaume wajaze ukumbi na wanawake tubaki majumbani. Ramadhani inaingia mwanzoni mwa Oktoba. Huu ndio mwezi tunaoungoja mwaka mzima ili tusali tarawehe pamoja, na mwaka huu tunaambiwa tukasali jikoni.

Mzee anakuomba uchore tena, safu ziwe mshazari, na safu za nyuma ya pazia uzipime peke yake zijulikane ni ngapi.

Wako,
Khadijo


Kitale,
16 Agosti 2005

Dada Khadijo,

Nimecheka mpaka Bwana Gichuki akatoka ofisini kwake kuuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nisamehe. Mimi nimelelewa kanisa la Friends kule Saboti, na kwetu mabenchi hufuata ukuta, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, njia katikati. Nilipoambiwa "safu" nikaona mabenchi. Haikunijia kabisa kwamba watu wanaweza kusimama mshazari ndani ya nyumba iliyonyooka.

Bwana Abdinasir hakunipa pembe, na wewe usinipe pembe. Watu wakipima pembe kwa macho huharibu kila kitu. Nipe urefu tu. Chukua uzi, uulaze juu ya mstari mmoja mweupe, uuvute mpaka uguse kuta zote mbili za kando. Halafu pima kila ncha ya uzi iko mbali kiasi gani na ukuta wa nyuma. Namba mbili hizo zinanitosha, pembe nitaipata hapa.

Nikueleze na jambo moja ili usije ukadhani nimekosea tena. Mstari wa mshazari ni mrefu kuliko ule ulionyooka, kwa hivyo safu za katikati zitazidi mita kumi na mbili. Za kwenye pembe zitakuwa fupi. Tutakachopata nyuma ni pembetatu, na hapo ndipo tutaona kama kuna nafasi yenu.

Mwambie Mzee nitafanya kama alivyoomba.

Nabwile


Bungoma,
20 Agosti 2005

Dada,

Alhamisi ni zamu ya wanawake kufagia msikiti, basi tuliingia na ufagio na uzi. Mama mkwe wangu, Mama Bilan, alishika ncha moja na mimi nyingine. Upande wa kushoto uzi uko mita sita kutoka ukuta wa nyuma. Upande wa kulia uko mita kumi na sentimita thelathini na saba. Nimepima mara mbili kwa futi yangu ya dukani, na mimi vitambaa ninavyokata havijawahi kurudishwa.

Mama Bilan aliniuliza, "Sasa huyu msichana wa Kitale atatuona sisi kwenye hiyo kompyuta?" Nikamwambia ataona mistari. Akasema, "Basi amwambie huyo kompyuta mimi nimesimama hapa," akasimama nyuma kabisa, karibu na mlango mdogo uliokuwa wa kupakulia magunia. Ana magoti mabaya lakini tarawehe hajakosa tangu ghala hili liwe msikiti. Nilitamani ungemwona.

Pembe ya mbele kushoto hatukupima kwa sababu haipitiki. Pana kabati kubwa la vitabu, jeneza, mapipa mawili na kiti cha Mzee. Iache kama ilivyo.

Khadijo


Msikiti wa Ghalani,
Bungoma.
2 Septemba 2005

Kwa Bi. Nabwile Wepukhulu,

Baada ya salamu. Barua hii anaiandika Abdinasir, katibu wetu, kwa kauli yangu. Mchoro wako wa pili ameuchukua mwenyewe ofisini kwenu akanisomea kila kilichoandikwa. Umesahihisha kibla, na kwa hilo nakushukuru. Lakini nyuma umechora pembetatu ukaiandika "Wanawake, safu tatu". Nani amekutuma? Mimi ndiye niliyeagiza mchoro, na sikuagiza pazia. Sikumwambia mtu yeyote akuombe jambo hilo.

Usinidhanie kuwa mimi ni mtu mbaya. Ramadhani iliyopita wanaume waliokuja tarawehe walifika mia mbili na arobaini. Wengi wao walisali barazani na mvua ikawanyeshea, watu wazima, wengine wagonjwa, mimi nikiwa ndani mahali pakavu. Niliona aibu. Nikaapa mwaka huu hakuna atakayenyeshewa. Wanawake dini imewaruhusu kusali nyumbani na thawabu wanapata. Wanaume ndio walioitwa msikitini.

Mchoro wako una safu kumi za wanaume. Abdinasir anasema ni watu mia mbili na kumi. Nionyeshe hao thelathini watakaa wapi, au futa hiyo pembetatu uwape wao. Nataka jibu kabla ya tarehe kumi na tano ili niagize zulia.

Alwi, Mwenyekiti


Kitale,
5 Septemba 2005

Khadijo,

Leo Bwana Gichuki ameweka barua ya baba mkwe wako mezani kwangu mbele ya watu wote. "Nabwile, hii ni nini, bana? Mteja ni mmoja, si ndio? Wewe ulikuwa unamchorea nani?" Nilikuwa naandika "Mzee ameomba, Mzee ameomba", na Mzee hakuomba chochote. Na wale "wengine kwenye kamati" kumbe ni yeye mwenyewe!

Nimekasirika sana na nataka ulijue hilo. Mimi si mtu wa dini yenu wala wa familia yenu, nimeingizwa katikati ya nyumba ya watu bila kuvua viatu wala kubisha hodi. Ningeweza kupoteza kazi, na kazi za kuchora kwa kompyuta hapa Kitale haziokotwi barabarani.

Sasa nataka ukweli. Kuna kamati iliyokutuma au ulijituma?

Nabwile


Bungoma,
8 Septemba 2005

Dada Nabwile,

Nilijituma. Barua yako ya kwanza niliifungua, nikaona mistari imefika ukutani, nikajua tumekwisha. Ningemsomea Mzee siku ile, zulia lingeagizwa siku ile. Nilikaa nayo siku mbili chini ya vitambaa. Kisha nikakuandikia kwa jina lake kwa sababu kwa jina langu usingechora. Au ungechora? Sikukujua. Nimekukosea na naomba radhi.

Mzee ananisalimia kama mteja. Mume wangu anasema angalau nimemnusuru yeye kwa kutomwambia chochote. Ni Mama Bilan tu anayenitazama vizuri. Juzi alinipa ile sehemu nono ya nyama mbele ya Mzee.

Lakini bado wiki chache, dada. Nakuomba kitu kimoja. Abdinasir anasema umempimia kila mwanaume sentimita sitini. Ukimpa hamsini na mbili, watu mia mbili na arobaini wanaingia kwenye safu zile zile kumi, na sisi tunabaki na pembetatu yetu. Nani atajua? Wanaume wenyewe hujibana. Badilisha hiyo namba moja tu.

Khadijo


Kitale,
10 Septemba 2005

Khadijo,

Nimekusamehe, ila sitabadilisha. Wewe ukiuza mita ya kitambaa, unapunguza sentimita nane kwa sababu mteja ni mwembamba? Nikiwabana leo, usiku wa kwanza mabega yatagombana, watasogea nyuma safu moja, na watakaosogezewa pazia ni ninyi. Halafu Mzee atasema namba zangu ni za uongo, na atakuwa amesema kweli.

Tena nimekaa na mchoro huu jana mchana kutwa. Kuna mahali sikupapima kwa sababu ulisema niache kama palivyo. Nimekosea kukusikiliza. Kuta nilikuwa nazo, mistari nilikuwa nayo, kilichobaki ni kuirefusha tu mpaka pembeni.

Namwandikia Mzee leo. Hii ni mara yangu ya kwanza kumwambia mzee wa watu ahamishe kiti chake. Niombee.

Nabwile


Ofisi ya Michoro ya Gichuki,
Kitale.
10 Septemba 2005

Mzee Alwi,

Salamu na heshima. Kwanza naomba radhi kwa kuchora jambo ambalo hukuliagiza. Niliamini umeliagiza, nami nilipaswa kukuuliza mwenyewe.

Uliniambia nikuonyeshe watu thelathini watakaa wapi. Nimepima. Kwa sababu safu zenu ni mshazari, ukumbi una pembetatu mbili zinazolingana: moja nyuma kulia, ile niliyoiandikia wanawake, na moja mbele kushoto. Ya mbele sikuwa nimeipima. Nimeichorea safu sasa. Safu mbili fupi zinaingia hapo, moja ina karibu mita kumi na moja na nyingine mita saba na kidogo. Jumla ni mita kumi na nane, na kwa sentimita sitini kila mtu ni watu thelathini. Mbele yao, kwenye ncha ya pembe, Imamu anabaki na nafasi yake na anatazama kibla bila kugeuka.

Kwa hivyo wanaume mia mbili na arobaini wanaingia wote ndani, na safu tatu za nyuma hazihitajiki kwa mwanaume yeyote.

Shida ni moja. Katika pembe hiyo pana kabati la vitabu, jeneza, mapipa, na kiti chako. Mchoro hauwezi kupitisha watu juu yavyo. Mimi si mtu wa kukuambia mzee kama wewe ukae wapi. Uliniuliza nafasi iko wapi, nami nimekujibu nilipoiona. Kazi ya kuamua ni yako.

Wako mtiifu,
Nabwile Wepukhulu


Bungoma,
1 Oktoba 2005

Dada Nabwile,

Umeandika kwa ujasiri mpaka Abdinasir alipofika penye kiti akakohoa, akajifanya maandishi hayasomeki. Mzee akamwambia, "Soma. Mimi sikuziba masikio." Akasoma mpaka mwisho.

Wiki nzima ikapita na kabati liko pale pale. Tukadhani jambo limekufa. Jioni moja tukiwa tunakula akasema tu, bila kumtazama mtu, "Huyu msichana ananiambia nihame."

Mama Bilan akajibu, "Amesema kabati lihame. Wewe hakukugusa."

"Kiti je?"

"Kiti kina miguu minne, mzee wangu. Kitakwenda popote utakapokipeleka."

Mzee akaanza kucheka, na mimi nikakimbilia jikoni kulia. Siku ya tatu akawaita wanaume wanne. Kabati sasa liko barazani limefunikwa turubai, jeneza na mapipa vimepata kibanda, na kiti chake kiko mwisho wa safu ya tatu, karibu na dirisha. Anasema hapo upepo unamuumiza shingo, lakini hakirudishi.

Zulia limefika na tumelitandika jana. Vipande vya pembeni ilibidi vikatwe mshazari, nimevikata mimi kwa mkasi wangu, na Mzee alisimama juu yangu muda wote nisije nikakosea. Pazia nalo tumelitundika mshazari. Ukilitazama ukiwa mlangoni unaona nyumba nzima imepinda. Safu tatu, dada. Nafasi ya wanawake thelathini na watano kama ulivyoandika kwenye mchoro.

Mwezi unatazamwa Jumanne.

Khadijo


Msikiti wa Ghalani,
Bungoma.
6 Oktoba 2005

Kwa Bi. Nabwile Wepukhulu,

Baada ya salamu. Abdinasir ndiye anayeandika. Nakuarifu jinsi kipimo chako kilivyokuwa.

Usiku wa kwanza wa tarawehe wanaume wote waliingia ndani. Mvua ilinyesha na hakuna hata mmoja aliyelowa. Walifika mia mbili na kitu, wakabaki na nafasi ya kunyoosha miguu. Katika hilo ulisema kweli na nimewaambia watu jina lako.

Lakini safu tatu za nyuma hazikutosha. Habari ilikuwa imeenea kwamba wanawake wamepimiwa nafasi yao kwa kompyuta, na walikuja kutoka kila mtaa, wengine sijawahi kujua kuwa tunaishi nao mji mmoja. Walijaza zulia, wakajaza kijia cha mlangoni, waliobaki wakapanga safu nje ya mlango wa magunia, kwenye saruji tupu. Mimi nilikuwa mbele, sikujua. Wanaume niliwahesabu mwaka mzima. Wanawake hakuna aliyewahi kuniuliza ni wangapi, wala mimi sikuuliza.

Nilipotoka nilimkuta mke wangu Bilan nje, amelowa mpaka kwenye mtandio, anatafuta viatu vyake gizani. Alikuwa amempisha mwanamke mwenye mimba nafasi yake ya ndani. Nikamuuliza kwa nini hakwenda nyumbani mvua ilipoanza. Akaniambia, "Nyumbani nimeshasali sana."

Nimeishi na mke huyu miaka mingi, Bi. Nabwile. Nilimshika mkono tukarudi.

Naagiza kazi mpya, na safari hii ninaiagiza mimi mwenyewe. Kutoka mlango wa magunia hadi ua wa nyuma kuna uwanja mtupu. Nataka paa na sakafu, na safu zifuate kibla. Usimtume mtu na usipimiwe na mtu. Njoo mwenyewe, Khadijo atakupa mtandio, na Bilan amesema ndiye atakayekushikia uzi.

Alwi, Mwenyekiti